Mkadiriaji wa Vumbi la Zamani

Hakuweza kukaa. Ukimkaribisha kiti alikushukuru vizuri tu, kisha akakishika mgongo kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kukisukuma mpaka barabarani, na mazungumzo yakaendelea hivyo, yeye amesimama, wewe umeketi na shingo inakuuma. Chai aliinywa akitembea. Makombo ya chapati zangu niliyaokota sebuleni, koridoni, mara moja hata ndani ya lifti. Marehemu mkewe aliwahi kuniambia kwamba aliolewa na upepo, na kwamba upepo una faida moja tu: haumalizi chakula.

Alikozaliwa na ukoo wake nitauacha. Inatosha kusema alikuwa Mgoa wa Tanga, asili yake Goa kule India, Mkatoliki, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Tanga ya zamani, safi, kisicho na haraka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na haraka ya kutisha. Tuliishi ghorofa moja huku North York, Toronto, milango yetu ikitazamana. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi, kwa hiyo saa kumi jioni nilikuwa nimerudi, na saa kumi na dakika tano alikuwa anabisha.

"Hodi. Umechoka?"

"Shikamoo, mzee. Nimechoka."

"Marahaba, mwanangu. Basi njoo tusome kidogo."

Kusoma maana yake ilikuwa hii. Alipokuwa kijana, mgeni kabisa katika nchi hii, alifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha kusindika urani, ile inayokwenda kuwa mafuta ya mitambo ya nyuklia. Kiwanda chenyewe kilikuwa katika mji mdogo nje ya Toronto, na kilishafungwa zamani. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya paa kila siku, kwenye bomba kubwa la kutolea hewa. Kulikuwa na pampu ndogo iliyonyonya hewa ya bombani na kuipitisha kwenye karatasi ya kuchujia. Yeye aliitoa karatasi ya jana, akaweka mpya, akaipeleka ya jana kupimwa, kisha akaandika namba kwenye daftari la zamu. Namba hiyo ndiyo ilisema vumbi la urani kiasi gani lilitoka siku ile na kwenda kwa majirani.

Miaka mingi baadaye, wakati yeye ni mstaafu mwenye mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, watu waliokulia karibu na kiwanda kile waliunda kamati. Walitaka kujua walivuta nini. Wakapata maboksi ya madaftari ya zamani, lakini hakuna aliyejua kuyasoma: miezi mingine haipo, kurasa nyingine zimelowa maji, vipimo vingine ni vya mashine ambazo hazitengenezwi tena. Wakatafuta mtu aliyewahi kuzishika mashine hizo. Wakampata yeye. Tangu siku hiyo mimi na majirani wenzangu tukamwita Mkadiriaji, naye alilipenda jina hilo kuliko vyeo vyote alivyowahi kuwa navyo.

Kwa sababu ya macho yake, mimi nilisoma namba kwa sauti naye akazichapa kwenye kompyuta yenye herufi kubwa kama za bango. Maboksi yalijaa chumba cha kulala cha mwanawe aliyehama. Mtu aliyeshughulikia vumbi siku nzima hakuwahi kufuta vumbi la nyumba yake. Ungeweza kuandika jina lako juu ya televisheni. Na alivuta sigara, mbili kila jioni, kwenye roshani. Nilipomwambia kwamba ni ajabu mtu anayehesabu alichovuta mtoto wa watu huku anajichoma mapafu yake, alinijibu bila kugeuka, "Hii najua kipimo chake. Nimeinunua mwenyewe. Wale hawakununua kitu."

Alikuwa na vita na sifuri. Nikisoma sifuri aliniamuru nisimame. "Sifuri ziko tatu na sura zao zinafanana," alisema. "Ya kwanza maana yake hakikutoka kitu. Ya pili maana yake mashine ilikufa. Ya tatu maana yake mtu hakwenda kuangalia. Usiniambie sifuri tu. Niambie ni sifuri gani." Basi tukaanza kupekua: siku hiyo feni ilikuwa inafanya kazi? Kiwanda kilisindika tani ngapi? Kulikuwa na sikukuu? Jioni nzima ikaishia kwenye sifuri moja.

Kitu kingine alichokipiga vita ni kumbukumbu. Watu wa kamati walimwandikia barua: mmoja anakumbuka harufu, mwingine anakumbuka mbwa aliyekufa, mwingine magari meupe yaliyokuja usiku. Alizisoma zote kwa heshima, akaziweka kwenye bahasha moja, akaandika juu yake: SI VIPIMO. "Kumbukumbu inapenda kumridhisha mwenyewe," alinieleza. "Karatasi ya kuchujia haimpendi mtu."

Alipotaka kufikiri alipanda basi. Hakuwa na safari. Alichukua basi la barabara ya Finch mpaka njia panda ya Jane na kurudi, amesimama, ameshika nguzo, hata viti vikiwa vitupu. Nilifuatana naye mara kadhaa siku zangu za mapumziko. Kabla ya kila kituo alikadiria watu watakaoshuka. "Chuo kikuu: si chini ya wanane, si zaidi ya ishirini." Walishuka kumi na watatu, akatikisa kichwa, sawa. Kituo kilichofuata walishuka wanawake wanne tu wenye sare za usafi, wakizungumza Kiswahili cha Bukavu, nje kabisa ya makadirio yake, naye akanuna mpaka nyumbani. Nilimuuliza kwa nini asitaje namba moja tu. "Namba moja ni ya mtu anayejua," alisema. "Mimi sijui. Mimi nakadiria. Namba mbili, ya chini na ya juu, ndiyo adabu ya mtu asiyejua."

Adabu hiyo ilimgombanisha na mwenyekiti wa kamati. Huyo alikuwa mama wa Kizungu, karani mstaafu wa posta, aliyekulia mtaa uliopakana na uzio wa kiwanda. Kaka yake alifariki kijana kwa ugonjwa wa figo. Sikuwahi kumsikia akisema kiwanda ndicho kilichomuua. Alitaka tu kujua kaka yake alivuta kiasi gani. Alipiga simu kila Alhamisi.

"Nipe namba moja," nilimsikia akisema, kwa sababu Mkadiriaji aliweka simu kwenye spika ili apate kutembea.

"Namba moja itakuwa uongo, mama."

"Miaka yote hii nimepewa uongo. Sasa nipe wako, angalau wewe una adabu."

Mkadiriaji alicheka, yeye aliyekuwa hacheki. Kisha akazima simu na kuzunguka meza mara nne.

Kanisani alikuwa vilevile. Alihudhuria misa kila Jumapili na hakuwahi kusikiliza mahubiri hadi mwisho. Padri akifika katikati, yeye yuko nje kwenye ngazi, anatazama moshi wa nyumba za jirani unaelekea wapi. Krismasi alipika sorpotel, ule mchuzi mkali wa nguruwe wa Kigoa, akaileta mlangoni kwangu ndani ya kopo la siagi, akaniambia imekaa siku mbili, labda tatu, haizidi nne. Niliila kwa wasiwasi. Ilikuwa tamu sana.

Ilikuwa Machi tulipofika kwenye daftari lenye jalada la kijani. Nakumbuka kwa sababu theluji ya barabarani ilikuwa imegeuka tope, na viatu vyangu vilikuwa vinakauka juu ya gazeti pale mlangoni pake. Nilisoma kama kawaida.

"Nukta nne saba."

"Endelea."

"Nukta nne saba."

"Endelea."

"Nukta nne saba. Mzee, namba haibadiliki."

Alikuwa dirishani, amenipa mgongo. Nikapitisha kidole chini ya ukurasa. Siku kumi na moja mfululizo, namba ileile. Na kila saba ilikuwa na kikato katikati, kama zile saba alizoniandikia kwenye orodha za sokoni.

"Ruka ukurasa," alisema.

"Lakini wewe mwenyewe ulisema kila..."

"Mwanangu, nimesema ruka."

Nikaruka. Tulisoma kurasa mbili zaidi, kisha akasema macho yanamuuma. Siku iliyofuata hakubisha. Wala ya pili. Nilimsikia akitembea ndani, kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Nikikaanga vitunguu namsikia, nikikunja nguo namsikia. Siku ya tatu nilivuka koridoni nikabisha mimi.

Alifungua akiwa na koti, kama anayetoka. Hakutoka. Alishika kiti chake, akaanza kusema kabla sijafunga mlango.

"Zile saba ni zangu."

"Nilizitambua."

"Nilikuwa na miezi saba katika nchi hii. Pampu iliganda kwa baridi, ikafa. Nikamwambia msimamizi. Akasema spea imeagizwa, wewe andika ya jana mpaka ije. Nikaandika ya jana. Kesho yake nikaandika ya jana ya jana." Akatembea hadi dirishani na kurudi. "Kama ni hayo tu, ningelala. Siku kumi na moja katika miaka kumi na minne si kitu, hesabu inazimeza. Lakini siku ya tatu mfuko mkubwa wa kuchujia ulipasuka. Ule uliopo kabla ya bomba, unaozuia vumbi lote. Nilipanda juu kuangalia pampu yangu, nikakuta theluji ya kuzunguka bomba imekuwa njano. Njano ya unga wa dengu, rangi ya vumbi letu la urani. Nikashuka nikamwambia msimamizi. Akasema leo itanyesha theluji nyingine, itafunika."

"Ikanyesha?"

"Ikafunika."

Nilikaa mimi, kwa kuwa mmoja wetu ilibidi akae.

"Basi sema," nikamwambia. "Andika kwenye ripoti."

"Unafikiri sijafikiri hivyo? Nikisema, waliorithi kiwanda watasema daftari zima limeandikwa na mwongo. Miaka kumi na minne. Watu wale hawana kitu kingine mkononi ila daftari hili." Akapiga mgongo wa kiti kwa kiganja. "Nisiposema, siku mbaya kuliko zote zitabaki nukta nne saba mpaka mwisho wa dunia. Na ushahidi wangu ni upi? Karatasi hakuna. Pampu ilikufa. Yapo macho yangu tu, nayo sasa hayaoni hata sura yako vizuri."

Sikutaja ile bahasha ya SI VIPIMO. Ilikuwa pale kwenye rafu, naye alikuwa anaitazama.

Wiki tatu alizozitumia kukadiria siku zile kumi na moja zilikuwa mbaya. Alikonda. Alisahau kuvuta sigara. Alitafuta kwenye maboksi tani zilizoingia mtamboni siku zile, na vumbi lililorudishwa kutoka kwenye mifuko mizima, akatoa hiki katika kile, akabishana mwenyewe kwa Kikonkani, lugha aliyoizungumza na mkewe tu. Kiwango cha chini na cha juu alivyopata vilikuwa mbali kama Jane na mji wa Pickering, upande wa pili wa Toronto. Aliona aibu juu ya umbali huo. Hakuupunguza.

Mkutano ulifanyika katika chumba cha maktaba huku North York, kwa sababu wengi wa kamati sasa wanaishi kwa watoto wao mjini. Walikuwa watu kama ishirini, na kijana mmoja mhandisi aliyeajiriwa na kamati kuandika ripoti. Mhandisi huyo alikuwa ameshaambiwa, na pale mlangoni alijaribu kwa mara ya mwisho.

"Mzee, kwa heshima, kiondoe kipande hicho. Kitatuharibia kila kitu."

"Kisipoharibika leo kitaharibika kesho," alisema Mkadiriaji, akapita.

Alisoma akiwa amesimama, bila shaka, karatasi ikiwa sentimita chache kutoka puani. Alisema pampu ilikufa. Alisema aliandika namba za uongo, siku ngapi, na kwa mwandiko gani. Alisema aliona theluji ya njano, na kwamba hilo si kipimo, ni kumbukumbu ya mtu mwenye hatia, wapime wenyewe uzito wake. Mwanamume mmoja wa safu ya nyuma alisimama, akavaa kofia yake polepole, akatoka. Hakuna aliyemwita.

Mwenyekiti alikuwa na kalamu mkononi. Nilidhani atamfokea, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kumtetea, nimekunja mkoba wangu mapajani kama silaha.

"Siku hizo kumi na moja," aliuliza, "shule ilikuwa wazi?"

Shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya uzio. "Ilikuwa Februari," alisema Mkadiriaji. "Ndiyo. Ilikuwa wazi."

Mama yule akaandika. Hakumshukuru, hakumlaumu. Aliandika neno moja au mawili, akageuza ukurasa, akasema, "Endelea na namba za kiangazi."

Yaliyofuata yalikwenda taratibu. Waliorithi kiwanda walisema hasa yale aliyoyatabiri, kwamba daftari halifai. Lakini wataalamu walioletwa kukagua waliomba karatasi za kuchujia zilizosalia, zile chache zilizohifadhiwa kwenye bahasha za kaki, wakazipima upya na kuzilinganisha na daftari. Zilikubaliana. Mahali pekee pasipoaminika palikuwa pale alipopataja mwenyewe. Makadirio yakapokewa, na zile siku kumi na moja zikawekewa ukurasa wao, namba mbili zilizo mbali sana na saini yake chini. Mwenyekiti alimpigia simu Alhamisi hiyo. Alisema kaka yake alikuwa darasa la tatu mwaka ule. Kisha wakazungumza habari za bustani yake.

Nilitegemea atapumzika. Nilimwambia hivyo, akanitazama kama niliyesoma sifuri bila kueleza ni ipi. Mwaka huohuo macho yalizidi, akaanguka mara mbili bafuni, na binti yake akaja kumchukua akamhamishia kwake Pickering. Maboksi yalirudi kwa kamati. Koridoni kwetu kukawa kimya kiasi kwamba nilianza kuacha redio wazi.

Nilikwenda kumtembelea Jumapili moja ya Oktoba mwaka jana. Binti yake alinipokea, akaniongoza jikoni. Mzee alikuwa amesimama kwenye kaunta, sasa anashikilia kigari cha kutembelea, amepungua sana. Wajukuu watatu walikuwa sebuleni na simu zao. Waliniamkia kwa Kiingereza. Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu, na babu yao alishaacha kudai.

Hakuniuliza habari za nyumbani. Alitoa kipande cha karatasi mfukoni.

"Nimekaa na hii wiki tatu. Vidole vinatetemeka, nakosea namba. Na binti yangu sitaki kumweleza. Nipigie wewe."

"Ni ya nani, mzee?"

"Kulikuwa na Mreno mmoja. Kibarua wa kuzoa theluji juu ya paa. Siku ya nne alikuwa anapanda ngazi na koleo, mimi nashuka. Hana kitu usoni, hata kitambaa. Akanisalimia habari za asubuhi. Nikamjibu nzuri. Nikampisha apite. Katika ripoti sikumtaja. Nilisahau, nadhani. Au sikusahau. Nilimwomba mwenyekiti amtafute kwenye orodha ya wafanyakazi, akanipatia namba ya simu ya nyumbani kwa binti wa Mreno huyo. Nataka kuwaambia watoto wake baba yao alizoa nini."

Nikapiga, nikaweka spika, nikaiweka simu mbele yake. Akapokea mwanamke. Mkadiriaji alijitambulisha kwa jina lake kamili, akasema alifanya kazi na baba yake zamani, na kwamba angependa, kama ana nafasi, kumweleza jambo kuhusu marehemu.

"Marehemu?" alisema yule mwanamke. "Baba yupo hapa, anakula. Ngoja nikupe. Ila sema kwa nguvu, masikio yake hayapo."

Nilimwona Mkadiriaji akipoteza rangi. Alikuwa amejiandaa kwa watoto. Alikuwa na sentensi zake. Tukasikia kiti kikivutwa, pumzi nzito, kisha sauti ya mzee sana: "Haloo?"

"Nilikuwa mtu wa karatasi za kuchujia," alisema Mkadiriaji. "Juu ya paa. Ulipanda na koleo."

"Nani?"

"Wa karatasi! Juu ya paa! Ile theluji uliyozoa ilikuwa na vumbi!"

"Sisikii, bwana. Theluji?"

"Ilikuwa na sumu!" Sasa alikuwa anapiga kelele, kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumba nzima inaielewa. Binti yake alitokea mlangoni na taulo mkononi. Wajukuu walitokea nyuma yake, simu zimeshuka. Aliwaona, nadhani, angalau vivuli vyao. Hakupunguza sauti. "Nilijua! Siku ile nilijua, nikakusalimia, nikakuacha upande juu!"

Tukasikia yule mzee akimwuliza binti yake kitu kwa Kireno, na binti hajibu. Kisha akarudi kwenye simu, mpole, kama mtu aliyezoea kuwasumbua wengine kwa masikio yake.

"Samahani," alisema. "Rudia hapo mwisho."

Mkadiriaji akaachia kigari, akaegemeza viganja vyote viwili kwenye kaunta, akavuta pumzi, akarudia.